Mafumbo Tunayowabandikia Wachoraji

Umezuka mtindo katika madarasa yetu, nao waenea upesi kuliko ugonjwa wa macho mekundu. Mwalimu huleta picha, huibandika ubaoni, kisha huuliza: "Msanii ameficha nini hapa?" Wanafunzi huinamisha vichwa. Hakuna anayeitazama picha tena, maana swali lenyewe limekwisha kuwaambia kuwa kinachoonekana si kitu, na kwamba chenye thamani kimefungiwa mahali ambapo ufunguo wake anao mwalimu peke yake. Sisi twaupinga mtindo huu, tena twaupinga tukiwa miongoni mwa walioueneza.

Tuanze basi na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulikuwa tukifundisha kidato cha tatu katika shule moja ambayo hatutaitaja. Somo lilikuwa insha ya maelezo: mwanafunzi atazame picha, aeleze anachokiona. Picha tulizozichagua zilikuwa za aina moja, yaani zile ambazo wachoraji mashuhuri wa Ulaya walijichora wao wenyewe. Tutaziita picha za nafsi, hadi hapo wenye mamlaka ya istilahi watakapotuletea jina lililo bora. Pamoja na picha hizo tulikuwa na karatasi ya majibu iliyokuwa ikipita mkono hadi mkono miongoni mwa walimu, nayo iliahidi kufichua siri za kila picha. Hatukuuliza nani aliyeiandika. Ilikuwa imechapwa vizuri, nasi tuliiamini.

Msichana mmoja, ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya tatu, alipewa picha ya Rembrandt wa Uholanzi akiwa mzee, amesimama mbele ya ukuta wenye duara mbili kubwa. Aliandika: "Mzee huyu amechoka, na mkono yake haionekani vizuri kwa sababu bado iko kazini." Karatasi yetu ilidai jibu jingine: duara ni alama ya ukamilifu wa sanaa. Msichana hakuzitaja duara kabisa. Tulimpa sifuri. Hakubisha wala hakulia, lakini hadi mwaka ulipokwisha hakuinua tena mkono darasani.

Yapo mambo ambayo mwalimu huyasahau, na yapo yanayomfuata hadi nyumbani. Siku moja tuliirudia picha ile, safari hii bila karatasi. Rembrandt aliichora mjini Amsterdam kati ya mwaka 1665 na 1669, na leo imo katika nyumba ya Kenwood, London. Amevaa kofia nyeupe na joho lenye manyoya. Ameshika ubao wa rangi na brashi. Uso umejengwa kwa rangi nzito, kila kunyanzi kimetendewa haki yake. Ukishuka chini kwenye mkono wenye vifaa, unakuta michirizi michache ya brashi tu, wala vidole huwezi kuvihesabu. Mtu aliyeweza kuuchora uso ule hakushindwa kuchora vidole vyake. Aliuacha mkono hivyo, kana kwamba haukutulia kwa muda wa kutosha ili uchorwe. Kumbe msichana yule aliona kile ambacho sisi, tuliokuwa tumesimama na karatasi, hatukukiona.

Na zile duara? Wapo wasemao zinakumbusha hadithi ya Giotto, mchoraji wa Italia aliyechora duara kamili kwa mkono mtupu ili kumthibitishia Papa ufundi wake. Wengine husema ni nusu mbili za ramani ya dunia, kwa kuwa ramani za namna hiyo zilitundikwa ukutani katika nyumba za Waholanzi wa wakati ule. Wengine huzihusisha na elimu ya siri ya Wayahudi. Rembrandt mwenyewe alituachia barua saba, zote za kati ya mwaka 1636 na 1639, yaani robo karne hivi kabla ya picha kuchorwa, na kwa hiyo haziwezi kutusaidia. Hayo yote ni makisio ya watu wenye elimu, nao huyatoa kama makisio. Karatasi yetu ilichukua kisio moja miongoni mwake, ikaliita jibu, sisi tukalitoza watoto alama kumi. Huu si uhakiki, ni ushuru.

Yaliyo hakika kuhusu mzee yule hayahitaji mganga. Mwaka 1656 alifilisika, na baadaye nyumba na mali yake ikauzwa. Mwaka 1663 alifiwa na Hendrickje, aliyeishi naye, na mwaka 1668 alifiwa na mwanawe Titus. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1669. Katika maisha yake alijichora kwa rangi yapata mara 40, mbali na zile picha alizochonga katika bamba za shaba. Mwanafunzi akiambiwa hayo, kisha akarudishwa mbele ya uso ule, atapata la kusema, nalo litakuwa lake.

Wasomaji watatuuliza: picha zahusu nini katika somo la lugha? Zahusu sana. Huku kwetu ng'ambo ya mpaka, aghalabu mwanafunzi hakuzaliwa na Kiswahili mdomoni, bali amekikuta darasani. Hana bibi wa kumsahihisha jikoni. Picha humpa kitu cha kusema ambacho hakimo kitabuni, hivyo hawezi kukikariri. Hana budi kutafuta kitenzi, kupima kivumishi, kupatanisha ngeli. Anaposema "uso umejaa makunyanzi" amefanya kazi. Anaposema "duara ni alama ya ukamilifu" hakufanya kazi yoyote, amerudisha tu mkopo aliopewa jana. Ndiyo maana twasema kuwa mtindo huu wa kuwinda siri hauharibu sanaa peke yake, waharibu Kiswahili.

Tena hata hizo siri zenyewe mara nyingi si siri. Chukua picha ya Vincent van Gogh ya mwezi wa Januari 1889, anapoonekana amefungwa bendeji sikioni. Watu wengi wajua kwamba alijikata sikio la kushoto usiku wa tarehe 23 Desemba 1888 katika mji wa Arles, Ufaransa. Lakini katika picha lililofungwa ni sikio la kulia. Basi hapo wawindaji hurukaruka kwa furaha: alitaka kutudanganya, ilikuwa nafsi yake ya pili, sikio la kulia ni la upande wa haki! Mwanafunzi yeyote aliyepata kuchana nywele asubuhi anajua jibu. Mchoraji anayejichora hutazama kioo, na kioo hugeuza. Van Gogh alichora alichokiona kiooni, basi. Rembrandt naye, katika picha ile ya duara mbili, alianza vivyo hivyo. Picha iliyopigwa kwa eksirei imeonyesha kwamba awali vifaa vilikuwa katika mkono wa upande wa pili, kama kioo kinavyoonyesha, kisha akabadili. Mmoja alikiacha kioo kiseme, mwingine akakisahihisha. Hilo ni jambo la kuzungumzwa darasani kwa kipindi kizima, na wala halikufichwa.

Na katika picha ile ya Van Gogh, ambayo sasa imo katika jumba la sanaa la Courtauld, London, tazama kilicho nyuma yake. Upande mmoja ipo picha ya Kijapani ya kuchapwa, upande mwingine kipo kiegemeo cha kuchoria chenye turubai. Mtu ametoka hospitali siku chache tu zilizopita, amevaa koti na kofia ya manyoya kwa baridi ya Januari, na tayari vifaa vya kazi vimemzunguka. Ni kipi hapo kinachohitaji kufichuliwa? Lililo gumu katika picha hii ni kuitazama bila kugeuza uso.

Hata hivyo, tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba picha zina maana ya juujuu tu, wala hatusemi mwanafunzi aachwe na macho yake bila msaada. La hasha. Twasema kwamba kuna tofauti kati ya jambo lililofichwa na jambo lililosahauliwa, na kwamba walimu wetu wanayachanganya mawili haya kila siku. Lililofichwa, mwenyewe hakutaka lijulikane. Lililosahauliwa, mwenyewe alilisema waziwazi kwa watu wa wakati wake, kisha wakati ukapita, vitabu vikaacha kusomwa, nasi tukafika tukiwa tumechelewa. Kazi ya mwalimu ni kulirudisha lililosahauliwa. Hiyo ni kazi ya elimu, nayo ni tofauti na kazi ya mpiga ramli.

Mfano ulio bora tuujuao ni wa mwanamke, Artemisia Gentileschi wa Italia. Yapata mwaka 1638 au 1639, akiwa katika utumishi wa Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza, alichora picha ya mwanamke anayechora. Wataalamu wengi wakubali kwamba ni picha ya nafsi, nayo imebaki katika mali ya wafalme wa Uingereza. Mwanamke ameinama kwa pembeni, mkono wa kulia umeinua brashi, nywele zimetimka, vazi linametameta kwa rangi zinazobadilika, na shingoni lina'ng'inia pambo dogo la kinyago kwenye mkufu wa dhahabu. Hatutazami sisi kabisa. Ana kazi.

Karatasi yetu ya majibu ilisema nywele zilizotimka ni alama ya huzuni yake, kwa sababu ya kesi ya mwaka 1612 ambamo mchoraji Agostino Tassi alishtakiwa kwa kumbaka. Ni kweli kwamba dhuluma hiyo ilitendeka na kesi ikasikilizwa. Si kweli kwamba kila unywele aliouchora miaka 26 baadaye unatoka huko. Zamani hizo wachoraji walikuwa na kitabu cha Cesare Ripa, kilichochapwa mara ya kwanza mwaka 1593, ambao ndio mwaka aliozaliwa Artemisia. Kitabu hicho kilieleza jinsi ya kuchora mambo yasiyoonekana, kama vile haki, hasira na wivu, kwa umbo la mtu. Uchoraji nao umo. Ripa ataka achorwe mwanamke mwenye nywele nyeusi zilizotawanyika, kwa kuwa mawazo humea kichwani mwa mchoraji kama nywele. Awe na mkufu wa dhahabu wenye kinyago, alama ya kuiga maumbile. Vazi lake liwe la rangi zinazobadilika. Na kinywa chake kizibwe kwa kitambaa, maana uchoraji ni sanaa ya ukimya.

Sasa mrudie Artemisia. Nywele zipo, mkufu upo, kinyago kipo, vazi lipo. Kitambaa cha kinywani hakipo.

Mtu wa zama zake aliyekisoma kile kitabu alikiona kitambaa kisichokuwapo mara moja, wala hakuhitaji karatasi ya siri. Sisi hatukioni kwa sababu kitabu hatunacho. Mwalimu akitufundisha Ripa, macho yatafanya yaliyobaki.

Na hapa walimu wa lugha tuna jambo letu ambalo walimu wa sanaa hawawezi kutunyang'anya. Kwa nini Uchoraji ni mwanamke? Kwa sababu katika Kiitaliano, kama katika Kilatini, nomino hugawanywa katika jinsi ya kike na ya kiume, na jina la uchoraji ni la kike. Kwa hiyo wachoraji wanaume, hata wawe mabingwa namna gani, hawakuweza kujichora wenyewe wakawa ndio Uchoraji. Wangeweza kusimama kando yake, wakampokea kama mgeni. Artemisia peke yake aliweza kusema kwa picha moja: mimi ndimi kazi yenyewe. Kwetu sisi Uchoraji umo katika ngeli ya U, pamoja na ugali na ukuta, na hapana mwanamke wala mwanamume humo. Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kuliona jambo hili mpaka aelezwe, na aelezwapo atajifunza kwa mara moja kitu juu ya picha, kitu juu ya Kiitaliano, na kitu juu ya lugha yake anayojifunza. Twauliza: je, hilo ni fumbo, au ni sarufi?

Wapo wengine ambao hata sarufi hawakutuachia tuihangaikie. Francisco Goya wa Hispania, akiwa na zaidi ya miaka 70, aliugua sana mwishoni mwa mwaka 1819, akaponywa na rafiki yake daktari Arrieta. Mwaka 1820 alijichora akiwa mgonjwa, amelegea, ameshika shuka, na daktari amemwegemeza na kumpelekea glasi mdomoni. Chini ya picha aliandika kwa mkono wake kwamba anamshukuru Arrieta kwa kumwokoa maisha. Nyuma yao zipo nyuso katika giza, na juu ya nyuso hizo wataalamu wajadiliane wapendavyo. Lakini mwalimu anayewarukisha wanafunzi juu ya shukrani ile ili wafike upesi kwenye giza, huyo hafundishi kusoma. Naye Frida Kahlo wa Mexico, aliyevunjika mgongo katika ajali ya basi mwaka 1925, alijichora mwaka 1944 akiwa na nguzo iliyopasuka mahali pa uti wa mgongo, misumari mwili mzima. Kuuliza alificha nini katika picha hiyo ni utovu wa adabu.

Tunajua wenzetu watatujibu kwa Michelangelo, nasi hatutamkwepa. Katika kanisa la Sistina mjini Vatikani, kwenye ukuta wa nyuma ya madhabahu, Michelangelo alichora Siku ya Hukumu, kazi iliyomchukua tangu mwaka 1536 hadi 1541. Karibu na Kristo amekaa Mtakatifu Bartolomayo, ambaye kwa mapokeo ya Kanisa alichunwa ngozi akiwa hai. Mkono mmoja una kisu, mwingine una ngozi iliyochunwa, nayo inaning'inia kama nguo iliyolowa. Ngozi ile ina uso, na uso ule si wa Bartolomayo. Mwaka 1925 daktari Mwitaliano, Francesco La Cava, alichapisha hoja kwamba uso ule ni wa Michelangelo mwenyewe, na tangu hapo wengi wamekubali. Karibu miaka 400 ilipita!

"Hiyo basi ndiyo siri," watasema. Twakubali nusu. Michelangelo hakuandika jina lake chini ya ngozi ile, na katika hilo alinyamaza. Lakini mtu anayeficha haweki kitu chake juu ya madhabahu ya Papa, katika ukuta wenye kimo cha zaidi ya mita 13, karibu na miguu ya Kristo. Uso ulikuwa pale, kila Misa, mbele ya makadinali wote. Waliinua macho, wakamwona mtakatifu, wakaridhika, kwa kuwa walikwisha kujua wanachotarajia kukiona. La Cava hakuchimba chini ya rangi. Aliutazama uso kama uso. Basi mfano huu, ambao wenzetu huuleta kama rungu la kutupigia, ni ushahidi wetu.

Na ole wake atakayeongeza siri juu ya siri. Imesimuliwa mara nyingi kwamba mtakatifu mwenye kisu ana sura ya mwandishi Pietro Aretino, na kwamba Michelangelo alimchora hivyo kulipiza kisasi, kwa kuwa Aretino alimchuna kwa barua kali iliyoshutumu miili ya uchi katika mchoro ule. Hadithi tamu. Barua hiyo iliandikwa mwaka 1545, na mchoro ulifunuliwa mwaka 1541. Kisasi kilitangulia kosa kwa miaka minne! Karatasi yetu ilikuwa na hadithi hii pia, nasi tuliifundisha kwa mihula miwili bila kutoa hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu angeitoa kwa vidole.

Liko lakini jambo moja ambalo wapinzani wetu wanalishika barabara, nalo ni kwamba sisi wenyewe, watu wa Kiswahili, tu watu wa mafumbo. Wahenga walisema, fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Ushairi wetu umejaa mafumbo. Je, mwalimu anayewafundisha watoto kugangua haendelezi mila?

Haendelezi. Tufikirie fumbo la kishairi lilikuwa nini. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitunga mashairi katika siku za ugomvi wa Mombasa na Lamu na Unguja. Aliposema kwa mafumbo, alimsemea mtu. Yule aliyesemewa alielewa, na mji mzima ulielewa, na jibu lilirudi kwa shairi. Leo twahitaji maelezo marefu pembezoni mwa kila ubeti, lakini si kwa sababu Muyaka alitufungia mlango. Ni kwa sababu hatukuwapo Mombasa. Fumbo la kweli lina mlengwa, lina mahali na lina siku yake. Lile linaloulizwa na walimu wetu halina mlengwa yeyote. Ni kama barua isiyoandikwa, ambayo kila mtu anadai ameisoma.

Anayetaka kuona fumbo lenye mlengwa katika picha za nafsi na amtazame Caravaggio. Mwezi wa Mei 1606, mjini Roma, alimuua mtu aitwaye Ranuccio Tomassoni, akakimbia, akahukumiwa kifo akiwa hayupo. Katika miaka yake ya mwisho alichora Daudi akiwa amekishika kichwa cha Goliathi kilichokatwa, kingali kinachuruzika damu. Kichwa kile ni cha Caravaggio mwenyewe, na Bellori aliliandika hilo tangu mwaka 1672. Upanga una herufi ambazo wengi huzisoma kuwa kifupisho cha maneno ya Kilatini yasemayo kwamba unyenyekevu hukiua kiburi. Daudi hashangilii, anakitazama kichwa kwa majonzi. Picha iliingia katika mali ya Kadinali Scipione Borghese, mpwa wa Papa Paulo wa Tano, mtu mwenye uwezo wa kumwombea msamaha. Wataalamu wengi waiona kama ombi: mlikitaka kichwa changu, nacho ni hiki, kwa rangi. Mchoraji alifariki Julai 1610 huko Porto Ercole, akiwa njiani kurudi Roma.

Kadinali hakuhitaji kuambiwa. Tukiwapa wanafunzi wetu ile kesi, ile hukumu na jina la aliyepelekewa, wataisoma picha kama yeye alivyoisoma. Tukiwanyima hayo na kuwauliza "ameficha nini?", tunawafanyia dhihaka.

Tutaambiwa kwamba mitihani yataka majibu yanayosahihishika, na kwamba "mzee amechoka" hakusahihishiki. Kwanini hakusahihishiki? Mwulize mwanafunzi: umejuaje kuwa amechoka? Akisema "macho yameingia ndani, mashavu yamelegea," mpe alama. Akisema "nimehisi tu," mnyime. Kumbe mizani ipo, tena ni kali kuliko ya karatasi, kwa kuwa inamtaka mwanafunzi athibitishe kwa kidole juu ya picha. Haimhurumii mvivu, na kwa hakika haimhurumii mwalimu mvivu. Huenda ndiyo sababu hasa inayofanya karatasi zile zipendwe.

Katika mkutano ujao wa chama chetu tutakuja na nakala ya picha ya Rembrandt bila maelezo yoyote. Twawaomba walimu wanaoitumia karatasi ile, au jamaa zake, waje nayo, tuisome pamoja mstari kwa mstari, na kwa kila mstari tuulize ni nani aliyesema, lini, na ni kipi pichani kinachomuunga mkono. Isiyopita tuichane hapo hapo.

Msichana yule alikwisha kuhitimu kabla hatujatambua kosa letu, na hatujui aliko. Daftari la alama bado tunalo. Ile sifuri tumeikata kwa wino, tukaandika nane juu ya kumi. Mbili tumezizuia, kwa kuwa mkono ni wa ngeli ya U, na yeye aliandika "mkono yake".